Moto wa Mwanzo wa Kiangazi

Ofisini walimwita Kiberiti, ingawa hakuwa mvuta sigara na hata jiko la nyumbani kwake lilikuwa likiwashwa na mkewe. Jina lilitokana na kazi. Katika idara ya hali ya hewa na ardhi, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho baada ya choo, yeye ndiye aliyekuwa akiichoma nchi nzima ndani ya kompyuta. Aliianza kazi hiyo akiwa na nywele nyeusi tii, akaendelea nayo mpaka nywele zikaanza kumkimbia utosini, na katika miaka yote hiyo kumi na minane hakuwahi hata siku moja kurudi nyumbani ananuka moshi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Modeli ya ardhi ni nchi ya kuigiza. Kompyuta huigawa nchi katika miraba, kila mraba kilomita hamsini kwa hamsini, na ndani ya kila mraba mvua inanyesha, nyasi zinaota, jua linazikausha, miti inakua na kuzinyima nyasi mwanga. Kila mtu pale ofisini alikuwa na sehemu yake. Mmoja alikuwa wa maji ya udongoni, mwingine wa majani, na wa tatu, mwenye maringo kuliko wote, alikuwa wa mvua. Kiberiti alikuwa wa moto. Programu yake ilikuwa na mistari mia nne tu. Ilihesabu radi, ikahesabu watu wanaoishi katika mraba, ikakadiria watu hao watawasha mioto mingapi kwa mwezi, ikatazama ukavu wa nyasi na kasi ya upepo, kisha ikatoa jibu kwamba mwaka huu mraba huu umeungua kwa asilimia kadhaa. Jibu hilo alililinganisha na picha za satelaiti. Vikifanana, chai ya saa nne ilinyweka. Visipofanana, alikaa pale kitini mpaka vifanane.

Na kwa hesabu ya mwaka mzima vilifanana vizuri, sisemi kwa kumpendelea. Alialikwa kwenye mikutano ya wataalamu, akarudi na mikoba ya kitambaa yenye nembo, na mkewe akaitumia yote kubebea vitunguu.

Ila palikuwa na jambo moja. Programu ile iliandikwa zamani, wakati kompyuta ya ofisi ilikuwa ikijikokota, na ili kuipunguzia kazi Kiberiti aliipitisha njia ya mkato. Mioto ilihesabiwa kila mwezi, lakini nyasi zilizoungua hazikuondolewa mpaka mwaka uishe. Tarehe thelathini na moja Desemba ndipo zilipofagiliwa zote kwa mkupuo. Kwa hiyo ndani ya modeli, nyasi zilizoungua mwanzo wa kiangazi zilikuwa bado zimesimama mwisho wa kiangazi, ndefu na kavu, tayari kuungua upya. Kwa aliyetaka kujua tu nchi inaungua kiasi gani kwa mwaka, hilo halikuwa na madhara, maana Kiberiti alipunguza hapa, akaongeza pale, hesabu ikatoka sawa. Aliliandika katika kitabu cha maelezo ya modeli, ukurasa wa arobaini na moja, kama mtu mwaminifu. Kisha akalizoea, na mtu akishazoea ubovu wa kitu chake hauoni tena.

Siku moja afisa wa misitu alipanda ngazi, faili kwapani, akitweta. Alikuwa na swali moja tu. Watu wa nyanda za juu, alisema, wana mazoea ya kuchoma nyasi kila mwanzo wa kiangazi, zikiwa bado nusu mbichi. Je, wakizuiwa, moto utapungua?

"Tutaiuliza modeli," Kiberiti alisema, na alilisema kwa raha, kwa sababu ni mara chache maofisa walipanda ngazi zile kumuuliza yeye badala ya yule wa mvua.

Akaingia kwenye programu, akaondoa mioto yote ya watu katika miezi ya mwanzo wa kiangazi, akaiacha kompyuta izunguke. Jibu lilitoka kabla ya saa ya kufunga ofisi. Moto wa mwaka ulikuwa umepungua kwa asilimia thelathini na nane nukta nne.

Ungeacha kupungua kwa sababu gani? Katika nchi ile ya kuigiza kila moto ulikuwa wa kujumlisha tu. Hakuna moto uliowahi kuuzuia mwenzake, maana nyasi hazikuondoka. Kuiuliza modeli ile swali lile ni sawa na kuuliza mizani kama sukari ni tamu. Mizani itakupa namba, na namba itakuwa na nukta yake. Kiberiti aliijua mizani yake kuliko mtu yeyote duniani, lakini siku hiyo hakufungua ukurasa wa arobaini na moja. Aliandika kurasa mbili safi, akaweka ramani yenye rangi, akatia sahihi. Baada ya miezi mitatu tangazo likatoka kwamba ni marufuku kuchoma nyasi nyanda za juu, kwa ushauri wa kitaalamu.

Sasa, nyanda hizo ndiko alikozaliwa.

Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa bado anaishi kule, mjane, mshonaji wa sare za shule na mwenyekiti wa kamati ya malisho. Tangazo lilipomfikia, alimpigia simu.

"Mdogo wangu, huku tumeletewa karatasi. Inasema tusichome. Na chini yake naona jina la ofisi yako."

"Ni mimi niliyeandika, dada."

"Wewe mwenyewe?" Furaha ilisikika katika sauti yake, kisha ikapungua. "Sasa mbona baba alikuwa akichoma kila mwaka? Nyasi zikiwa nusu mbichi. Alisema moto mdogo wa mapema ndio unaotukinga na ule mkubwa. Una hakika?"

Kiberiti alimjibu kwa upole, au ndivyo alivyokumbuka baadaye. Alimwambia hayo yalikuwa mambo ya enzi za baba, na kwamba wao ofisini wamepiga hesabu za miaka thelathini.

"Haya," dada alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Akaichukua karatasi, akapita nayo nyumba kwa nyumba. Walikuwepo waliobisha, lakini mshonaji alikuwa mtu wa kuheshimika na mdomo wake haukujua uongo, basi wakamsikia. Mwaka huo hakuna aliyewasha hata ukoka. Nyasi zikasimama kuanzia mlimani hadi nyuma ya vyoo vya nyumba zao, zikakauka mpaka zikawa zinalia zikipitiwa na upepo.

Moto ulikuja wiki ya mwisho ya kiangazi, na hili ndilo lililomuuma Kiberiti kupita mengine kwa muda mrefu, kwamba yeye aliuona kwanza kwenye kioo cha kompyuta na akaufurahia. Alifika asubuhi, akafungua picha za satelaiti, akaona madoa mekundu yametapakaa kama surua. Akamwita mwenzake wa majani aje aone. "Tazama ukubwa wake," alimwambia. "Mwaka huu tuna data." Walisimama pale na vikombe vyao. Ni mwenzake aliyeuliza huo ulikuwa mraba gani. Kiberiti akasogeza kidole kwenye kioo kufuata mto, akafika kwenye kona anayoijua, na kikombe akakiweka chini.

Hakuna aliyekufa. Ziliungua nyumba saba, mazizi, na malisho yote pande zote mbili za kijito. Iliungua karakana ya seremala, jirani wa dada, pamoja na mbao alizokuwa amezikausha kwa miaka miwili. Seremala alirudi ndani kuokoa meza yake ya kupigia randa, akaikumbatia ikiwa inawaka, na viganja vyake vyote viwili vikababuka. Nyumba ya dada ilipona kwa sababu ya uwanja wa shule uliokuwa mbele yake, na hata hilo watu walilitazama kwa jicho la pembeni.

Haya Kiberiti aliyapata kwa kumchokonoa dada neno moja moja kwenye simu, maana dada mwenyewe hakupiga.

"Tuko salama," alisema dada.

"Na watu wanasemaje?"

"Wanasema mengi."

"Wanasemaje, dada?"

"Wanasema niliwaletea neno la mjini nikajiona mkubwa. Kuna kikao Jumamosi, cha kuniondoa kwenye kamati. Wewe usijali, fanya kazi yako."

Alipokata simu, Kiberiti alifungua programu yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, si kuitumia bali kuisoma. Hakuhitaji kutafuta. Kosa lilikuwa limekaa palepale alipoliweka. Akaandika nyasi ziondolewe kila mwezi zinapoungua, zisisubiri Desemba. Akairudisha mioto ya mapema, akaizungusha modeli, kisha akaiondoa, akaizungusha tena. Safari hii palipozuiwa moto wa mapema, moto wa mwisho wa kiangazi ulikuwa mkubwa maradufu. Kurekebisha kulichukua nusu siku. Ilikuwa mistari kumi na mmoja. Aliihesabu mara mbili, uso unamwaka na chumbani yuko peke yake. Laiti ingekuwa kazi ya mwaka mzima angepata pa kujifichia.

Akaenda kwa mkuu wa idara, mtu mzima mwenye tai na busara za kiofisi. Mkuu alisikiliza yote, akavua miwani.

"Kila modeli ina mapungufu," alisema. "Nenda kwenye kikao chao, ni jambo la kiungwana. Lakini usiseme ulikosea. Sema modeli ilikuwa na mapungufu, na mapungufu hayo yameshughulikiwa. Mtu anakosea, bwana, ofisi haikosei."

Wahenga walishasema la kuvunda halina ubani, lakini ofisi nyingi zinaishi kwa kununua ubani. Kiberiti aliiandika sentensi ile kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Siwezi kusema hakupata ahueni. Alipata.

Alifika kwa dada Ijumaa adhuhuri. Alikikuta chumba cha kushonea kama anavyokijua, cherehani ya miguu chini ya dirisha, chaki za bluu ndani ya kopo, sare zimening'inia kwenye kamba ukutani. Zilikuwa nyingi. Alipouliza kwa nini hazijachukuliwa na shule zimekwisha kufunguliwa, dada alisema watu wana shughuli.

Dada alimpa maji ya kuoga, akampa chakula, akamuuliza habari za mkewe na watoto, kila kitu kwa mpango wake. Hakumlaumu. Kiberiti alikuwa amejiandaa kwa lawama njia nzima, na kwa kuwa hazikuja, alikaa nazo yeye mwenyewe. Alitoka kupunga hewa, akavuka uwanja wa shule, akakutana na weusi. Ardhi ilikuwa nyeusi kuanzia ukingo wa uwanja hadi kijitoni, na kutoka kijitoni hadi mlimani, bila hata pengo moja. Katika miaka ya baba isingekuwa hivyo. Ingekuwa na mabaka, hapa pameungua mapema na pameshaanza kuchipua, pale pamebaki nyasi ndefu, na moto wowote unaokuja ungefika kwenye baka ukakosa cha kula.

Aliyajua hayo kwa mikono yake. Akiwa na miaka tisa alikuwa akisimama ukingoni na tawi bichi, baba anawasha kwa mstari kufuata upepo wa jioni, na yeye anapiga cheche zinazoruka upande usiotakiwa. Moto wenyewe ulikuwa wa kimo cha goti, mvivu, unajifia ukifika kwenye umande. Dada alikuwa upande wa pili na tawi lake. Mtoto wa miaka tisa alilijua jibu la swali la afisa wa misitu. Mtu mzima wa miaka arobaini na minane akaenda kuiuliza kompyuta, na kompyuta ilipompinga mtoto yule, akamwamini nani? Angetamani ardhi ile nyeusi ipasuke immeze, lakini ardhi ina kazi zake.

Alirudi ndani. Dada alikuwa anashona, uso kwenye kitambaa.

"Kesho nitasema kwenye kikao," Kiberiti alimwambia.

"Utasema nini?"

Akatoa karatasi, akaikunjua, akamsomea. Modeli ilikuwa na mapungufu, na mapungufu hayo yameshughulikiwa.

"Mapungufu ya nani?" dada aliuliza.

"Ya modeli."

"Sawa," dada alisema, akakata uzi kwa meno.

Kikao kilifanyika katika darasa la shule ya msingi, kwa sababu ndilo paa kubwa lililobaki. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Ubaoni palikuwa na hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyezifuta. Kiberiti alipewa kiti cha mwalimu. Alikataa, wakamlazimisha, akakaa mbele yao kama mkaguzi. Kuna aina ya heshima inayochapa kuliko fimbo, na aliionja siku hiyo. Walimshukuru kwa kuja. Walimuuliza safari. Dada yake alikuwa amekaa dawati la nyuma kabisa, peke yake, na dawati lile lilikuwa la watu watatu.

Akasimama, akasoma. Alieleza kidogo habari za miraba na za Desemba, kwa maneno mepesi, na watu wakatikisa vichwa. Alipofika kwenye mapungufu yaliyoshughulikiwa, mzee mmoja akasema asante. Kiberiti akakaa. Haikuchukua hata dakika sita, na alikuwa hajasema uongo wowote.

Ndipo seremala aliposimama. Alikuwa mtu mrefu, taratibu wa kusema, mikono imefungwa bandeji hadi vifundoni na ameiinua kidogo kifuani kwa sababu ikishuka inamuuma.

"Tumekusikia, mdogo wetu," alisema. "Kompyuta imekosea. Kompyuta haina mama, hatuwezi kwenda kuishtaki kwao. Mimi ugomvi wangu si na kompyuta. Ugomvi wangu ni na jirani yangu." Hakugeuka kumtazama dada. "Alipokuja kwangu na ile karatasi nilimwambia, mama, kabla hatujaacha jambo la wazee, muulize mdogo wako kama ana hakika. Akaniambia amekwisha muuliza. Nikasema basi, kama ameuliza. Sasa mimi najiuliza, msomi kama huyu, mtoto wa hapahapa, angeulizwa vizuri na dada yake angekosa kufikiri? Hakuuliza. Alifurahi tu kuona jina la ofisi ya mdogo wake, akatuongopea. Hilo ndilo linaloniuma mimi. Mikono itapona."

Watu walinung'unika kukubali. Kiberiti alimtazama dada yake. Dada alikuwa ameinamisha uso, anafuta dawatini kwa kidole vumbi ambalo halikuwepo. Neno moja tu lingemtoa pale, nilimuuliza na akanijibu hivi, na siku zote hizo hakuwa amelitamka. Alikuwa ameacha sare zioze ukutani na watu wambadilishie njia, ili asimtaje mdogo wake. Kiberiti aliyaona hayo yote kwa mara moja, akaona pia kwamba akikaa kimya dada ataendelea kunyamaza mpaka kaburini, na kwamba yeye anaweza kabisa kukaa kimya. Gari la kurudi lilikuwa saa kumi. Karatasi ilikuwa imesomwa.

Mficha uchi hazai. Akasimama, na safari hii hakuwa na cha kusoma.

"Aliniuliza," alisema.

Vichwa viligeukia dawati la nyuma.

"Dada aliniuliza kwa simu siku ileile karatasi ilipofika. Aliniuliza kama nina hakika. Alinitajia na baba, jinsi alivyokuwa akichoma. Mimi ndiye niliyemwambia hayo ni mambo ya enzi za baba. Hakuwaongopea. Na haikukosea kompyuta. Kompyuta inafanya inachoambiwa, na mimi ndiye niliyeiambia. Nilikuwa nimeandika kabisa kwenye kitabu kasoro inayoifanya isiweze kujibu swali kama lile, kisha nikaulizwa swali lenyewe, nikaipa, nikatia sahihi. Nilikosea mimi."

Seremala alimtazama. Hakuwa na hasira usoni, na Kiberiti angeitaka hasira.

"Lakini wewe ulizaliwa hapa," seremala alisema. "Baba yako tulichoma naye. Ulikuwa hujui?"

Hapo ndipo mahali pa kusema nilikuwa mtoto. Ndipo pa kusema nimeondoka zamani.

"Nilijua," Kiberiti alisema. "Nilishika tawi mwenyewe."

Mwanamke mmoja mbele akaguna, basi. Seremala akageuka kwa mara ya kwanza upande wa nyuma wa darasa.

"Mama," alimwambia dada, "nilikuita mwongo mbele za watu. Nisamehe."

"Yameisha, baba," dada alisema, na wawili waliokuwa dawati la pembeni wakainuka wakaenda kukaa naye. La kumwondoa kwenye kamati halikutajwa tena. Mzee aliyesema asante akauliza sasa na lile tangazo la marufuku je, na Kiberiti akasema atarudi ofisini kuandika kwamba alikosea, kwa neno hilohilo, wapende wasipende. Mzee akauliza tena, mwaka ujao tuchome lini. Vichwa vyote vikamgeukia yeye kwenye kiti cha mwalimu, kwa mazoea tu. Watu wale walikuwa wamekwisha kuunguzwa na jibu lake na bado walikuwa wanamgeukia.

"Muulizeni dada," alisema.

Dada aliwajibu kutoka kulekule nyuma. Wachome nyasi zikiwa bado ukizikunja zinajipinda bila kukatika, kuanzia juu kushuka, jioni, na kila nyumba itoe watu wawili wenye matawi. Walibishana kidogo kuhusu upande wa kijitoni, kikao kikafungwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wanasalimiwa njiani. Wanawake wawili walikuja nyuma yao kuchukua sare, wakakaa kidogo, wakaondoka nazo. Kiberiti akaanza kufunga mkoba wake. Dada aliketi kwenye cherehani, akaanza mkono wa shati.

"Umesema vizuri," dada alisema. "Nakushukuru."

"Usinishukuru, dada."

"Umesema yote." Alisogeza kitambaa chini ya sindano. "Ila kicheko."

"Kicheko gani?"

Dada akalizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Nilipokutajia baba kwenye simu, ulicheka. Kabla ya hizo hesabu za miaka thelathini ulicheka kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni, na ndicho kilichonifanya nisiulize tena. Hesabu zako mimi sizijui, zisingeninyamazisha. Hicho kicheko hukuwaambia."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwake, kwamba hakumbuki. Lakini alikumbuka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, kile wanachokitumia ofisini mgeni akiuliza jambo la kitoto, na alikitoa huku akimkonyeza mwenzake wa majani aliyekuwa ameketi meza ya pili. Hakuwa amekisahau hata siku moja. Alikuwa amekiacha nje ya hadithi, kwanza alipojihadithia mwenyewe, kisha alipowahadithia watu.

"Nilicheka, dada," alisema.

Dada aliitikia kwa kichwa, akarudisha mguu kwenye pedeli, akaendelea kushona.